Kuletewa chakula kwa programu Dodoma: risiti inasema nini, inaficha nini

Agiza pilau kuku kutoka mgahawa wa Majengo saa sita na nusu mchana, uletewe ofisini Mtumba. Hadi sahani ifike mezani, pesa yako imeshagawanywa kwa wanne: mpishi, kampuni yenye programu, dereva wa bodaboda na mtandao wa simu uliopitisha malipo. Kila mmoja amekata chake. Wewe mlaji umeonyeshwa namba moja, jumla, na chini yake neno "Asante".

Tathmini hii haijali kama pilau imekolea. Hilo ni la mpishi. Inaangalia huduma ya katikati, yaani programu za kuagizia chakula pamoja na ndugu zake wa mtaani: makundi ya WhatsApp na boda wa kijiweni. Kipimo ni kimoja tu: je, mtu anaweza kusoma risiti akajua nani kalipwa nini? Dodoma ni mji mzuri wa kuulizia swali hilo. Bunge liko hapa, wizara ziko Mtumba, makao makuu ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na ya EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, yako hapahapa. Wanaopaswa kuiuliza huduma hii maswali nao hula mchana kama wengine.

Bei ya kaunta na bei ya simu

Tuanze na mstari wa kwanza, bei ya chakula, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hujificha. Mgahawa unaojiunga na programu hukatwa kamisheni, asilimia fulani ya kila oda. Mwenye mgahawa ana njia mbili: ama aimeze kamisheni, ama apandishe bei ya menyu ya kwenye simu. Kupandisha si kosa. Kosa ni mlaji kutoambiwa.

Chukua sahani ya shilingi 8,000 kaunta na kamisheni ya asilimia 25. Ukiiuza kwa bei ileile, mkononi unabaki na 6,000. Hapa ni rahisi kukosea hesabu: mtu huongeza asilimia 25 juu ya 8,000, akaandika 10,000, akadhani amejikomboa. Kumbe kamisheni inakatwa kwenye bei mpya. Robo ya 10,000 ni 2,500, anabaki na 7,500. Amepoteza 500 kwa kila sahani, na sahani arobaini kwa siku ni 20,000, pesa inayoyeyuka polepole. Hesabu sahihi ni ya kugawanya: 8,000 gawanya kwa 0.75, unapata 10,667, weka 10,700. Kwa kamisheni ya asilimia 15 gawanya kwa 0.85, bei inakuwa kama 9,400. Kwa asilimia 30 gawanya kwa 0.70, inapita 11,400.

Halafu kuna VAT juu ya kamisheni yenyewe. Angalia mkataba kama asilimia 25 iliyoandikwa ina VAT ndani yake au VAT inakuja juu. Ikija juu, asilimia 18 ya kamisheni inaongezeka na makato halisi yanakuwa asilimia 29.5. Mgahawa uliosajiliwa VAT unaweza kuidai kodi hiyo kwenye ritani zake. Mama lishe asiyesajiliwa hana pa kuidai. Programu ileile, kamisheni ileile, lakini mdogo anakatwa zaidi ya mkubwa, na kwenye risiti ya mlaji hakuna hata mstari mmoja unaogusa habari hiyo.

Jambo la kukagua zaidi kwenye mkataba ni kifungu cha bei sawa. Mikataba ya namna hii imewahi kutumika katika nchi mbalimbali: mgahawa unakatazwa kuuza kwa bei ya chini kaunta kwake kuliko kwenye programu. Ukikubali kifungu hicho, huna namna ya kufidia kamisheni isipokuwa kupandisha bei ya kaunta pia, na sasa hata mzee anayekuja na hotipoti yake kwa miguu kutoka Chang'ombe analipia programu asiyokuwa nayo kwenye simu.

California waliliingilia jambo hili kwa upande wa risiti. Sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2022 inaizuia programu kumtoza mlaji bei ya chakula inayozidi ile ambayo mgahawa wenyewe umeiweka kwenye programu, na inataka mchanganuo wa malipo uonyeshwe. Mgahawa haukatazwi kupandisha bei yake. Anayekatazwa ni wa katikati, asiongeze kimyakimya. Ni tofauti ndogo kwa maneno, ila ndiyo inayokuwezesha kujua umlaumu nani.

Kwa mlaji wa Dodoma kipimo ni rahisi: piga simu mgahawani, uliza bei ya sahani ukiifuata mwenyewe. Linganisha. Tofauti ikiwa ndogo, mgahawa unameza sehemu ya kamisheni. Ikizidi theluthi ilhali kamisheni na VAT yake havizidi asilimia 25, kuna zaidi ya kamisheni humo.

Punguzo la asilimia 20, kutoka wapi?

Sahani ileile ya 10,700 ikiwekewa punguzo la asilimia 20 inauzwa 8,560. Bado iko juu ya bei ya kaunta kwa 560, na hapo ada ya kuletewa haijawekwa. Bango jekundu la ofa halisemi uongo kwa hesabu. Limechagua tu pa kuanzia kuhesabu.

Swali la mwenye mgahawa ni jingine: nani anagharimia punguzo, na kamisheni inakatwa kabla au baada? Tuseme punguzo ni la mgahawa. Kamisheni ikikatwa kwenye bei kamili, ni 2,675, na mgahawa unabaki na 5,885. Ikikatwa kwenye bei iliyopunguzwa, ni 2,140, na mgahawa unabaki na 6,420. Shilingi 535 kwa sahani moja, kwa sababu ya neno "kabla" au "baada" kwenye aya ambayo hakuna anayeifikia akibofya "Nakubali". Mkataba usiotaja mojawapo, usisaini hadi utaje.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Punguzo linalohesabiwa kutoka bei ambayo haijawahi kutozwa mahali popote ni jambo la kupeleka huko. Lakini FCC haiwezi kuona bei ya jana. Anayeweza ni mlaji mwenye picha ya skrini ya jana.

Nauli ya sahani

Ada ya kuletewa ndiyo mstari unaopigiwa kelele kuliko yote, na mara nyingi kelele hizo zinamwelekea asiyehusika: dereva.

Kutoka katikati ya mji hadi Mji wa Serikali Mtumba ni kilomita zipatazo 17. Kwenda na kurudi ni 34. Pikipiki ya cc 125 au 150, iliyotunzwa, hula lita moja kwa kilomita 40 hadi 50, kwa hiyo safari hiyo inachukua kama robo tatu ya lita au zaidi kidogo. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Dodoma imeandikwa peke yake kwenye jedwali. Chukua bei hiyo, zidisha kwa 0.75. Hayo ni mafuta tu. Hujaweka oili, tairi, hesabu ya mwenye pikipiki, wala saa nzima ya mtu. Programu ikikuandikia ada ya kwenda Mtumba iliyo chini ya mafuta, usishangilie. Kuna anayelipia: mgahawa kupitia bei ya sahani, dereva kupitia mfuko wake, au mwenzako wa ghorofa ya pili kwa sababu dereva amebeba oda tano kwa mpigo na yako ndiyo ya mwisho.

Kubeba oda kadhaa si ubaya kwenye njia ndefu kama ile. Tatizo ni programu kukuonyesha dakika 30 kana kwamba anakuja kwako moja kwa moja, wakati anapitia Kisasa kwanza, halafu Nzuguni, halafu Ihumwa. Huduma ya wazi ingeandika: "Dereva ana oda 2 kabla yako." Maneno matano na tarakimu.

Kuna pia suala la umbali unavyopimwa. Umbali wa mstari ulionyooka kwenye ramani na umbali wa barabara ni vitu viwili, na Dodoma tofauti hiyo ni kubwa. Uwanja wa ndege uko katikati ya mji. Boda hakati njia ya ndege. Kuna reli, kuna vilima vya mawe, kuna makorongo ambayo masika hugeuza njia ya dakika tano kuwa ya ishirini. UDOM nayo, ndaki zimetawanyika kiasi kwamba kuandika "UDOM" peke yake kama anwani ni sawa na kuandika jina la kata. Programu inayomtoza mlaji kwa umbali wa barabara na kumlipa dereva kwa mstari ulionyooka inabaki na kilomita za kati mfukoni. Kulitambua hilo kunahitaji risiti mbili, ya mlaji na ya dereva, ziwekwe pamoja. Muulize dereva akifika ameandikiwa kilomita ngapi na shilingi ngapi. Madereva wengi watakuonyesha skrini bila kinyongo, maana na wao wana swali lilelile upande wa pili.

Kuhusu anwani: tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao. Weka jina la barabara na namba ya nyumba, kisha ongeza alama ya macho, "geti la bluu, mkabala na mashine ya kusaga". Namba peke yake humpoteza dereva asiyeijua mitaa ya Nkuhungu au Ilazo. Alama peke yake humpoteza kila mtu geti likipakwa rangi upya. Na pini ya ramani isogeze kwa kidole hadi getini. Simu ikiwa ndani ya nyumba ya bati, pini huruka hata mita mia, na programu nyingine hutoza nyongeza ukibadilisha mahali baada ya dereva kuanza safari.

Mistari miwili midogo hufuata: "ada ya huduma" na "ada ya oda ndogo". Ya pili inaeleweka, ingawa huwaumiza wanafunzi wanaoagiza chipsi kavu ya mtu mmoja. Ya kwanza haijawahi kuelezwa vizuri na mtu yeyote.

Bahashishi tuipite haraka. Mpe dereva mkononi au umrushie kwenye namba yake. Sababu iko kwenye rekodi: Februari 2025 DoorDash ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 16.75 katika maridhiano na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, kwa sababu kati ya 2017 na 2019 bahashishi za wateja zilitumika kuziba malipo ambayo kampuni ilimwahidi dereva.

Jiko ni la nani?

Kwenye simu kila mgahawa ni picha nzuri. Nyuma ya picha kunaweza kuwa na mgahawa halisi, jiko moja lenye majina manne, au mgahawa usiojua kabisa kwamba umeorodheshwa. La mwisho si hadithi. Desemba 2024 Grubhub, programu ya chakula ya Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani na jimbo la Illinois, na moja ya madai yalikuwa kuorodhesha migahawa bila idhini yake. Inapotokea, dalili ni hizi: bei kwenye menyu ni za zamani, dereva analipa taslimu kaunta kama mteja wa kawaida, na ukipiga simu mgahawani kulalamika wanakuuliza programu gani.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndiyo inayofichua. Karatasi ile iliyokunjwa ndani ya mfuko, ambayo wengi huitupa pamoja na kijiti cha meno, ina jina la mlipakodi, TIN, namba ya VAT kama amesajiliwa, tarehe, saa na msimbo wa kuhakiki. Linganisha jina hilo na jina la kwenye programu. Yakipishana, hilo peke yake si uhalifu, jina la biashara linaweza kutofautiana na la kampuni. Lakini mifuko mitatu kutoka "migahawa" mitatu ikitoa TIN moja, umeshajua unakula jiko moja. Angalia pia kiasi: risiti ya EFD ikisema 8,000 na programu imekutoza 10,700, tofauti yote umeiona bila kumuuliza mtu.

Mfuko usiokuja na risiti ni jambo jingine. Mgahawa unatoa risiti ya chakula, programu inatoa ya huduma yake; "dereva hana mashine" si jibu, kwa sababu dereva siye muuzaji. Ofisi zinazoagiza chakula cha kikao zijue kwamba picha ya skrini ya programu haitamridhisha mhasibu. Weka oda kwa kuupigia mgahawa, uombe jina la taasisi na TIN viandikwe kwenye risiti ya EFD kabla haijatoka, kwa sababu ikishatoka haibadiliki.

Upande wa usalama wa chakula, Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamishia Shirika la Viwango, TBS, kazi ya kudhibiti chakula iliyokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo, na usajili wa majengo ya chakula ukaenda nayo. Maafisa afya wa Jiji nao hukagua majiko na vipimo vya afya vya wapishi. Wote hao hukagua jengo. Programu haina jengo, ina orodha. Hatua ndogo ambayo ingesaidia sana ni kila mgahawa kwenye orodha kuwekewa namba yake ya usajili na eneo la jiko, hata kwa herufi ndogo. Cheti kikiwa kimetundikwa ukutani, mlaji wa simu hakioni.

Teksi mtandao zilifundisha nini

Wanaosema Serikali haijui kamisheni ni nini wamesahau mwaka 2022. LATRA iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ya teksi mtandao. Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma, na Agosti Bolt ikapunguza zake zikabaki kwa wateja wa kampuni. Baada ya majadiliano kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25 pamoja na ada ya kuhifadhi safari ya asilimia 3.5, na Januari 2023 Uber ikarudi.

Kuna wanaoisoma habari hiyo kama Serikali kushindwa, na wengine kama kampuni kutunisha misuli. Tunaona kuna jambo la tatu ambalo halisemwi: kwa mara ya kwanza abiria wa kawaida alijua kamisheni ni asilimia ngapi. Kabla ya hapo ilikuwa siri kati ya dereva na simu yake. Kikomo kilibadilika, lakini namba ilibaki hadharani, na leo dereva wa teksi mtandao anaweza kubishana akiwa na namba.

Sahani ya pilau haina bahati hiyo. Amri ile ilihusu abiria na nauli. Chakula kinachobebwa na boda kinaangukia katikati ya meza za watu: LATRA ina usafiri, TBS na maafisa afya wana jiko, FCC ina bei za kupotosha, TRA ya kodi ina risiti, Benki Kuu ina mifumo ya malipo, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ina namba yako ya simu. Kila meza ina kipande chake, na hakuna meza yenye oda nzima. Ndiyo maana malalamiko huzunguka.

Kuweka kikomo peke yake tungekuwa na wasiwasi nako, tukikumbuka 2022. Jiji la New York mwaka 2021 waligawa kamisheni mafungu: isizidi asilimia 15 kwa kufikisha chakula, 5 kwa huduma nyingine kama matangazo, na 3 kwa gharama za malipo. Ukiacha ubishi wa tarakimu zenyewe, mgawanyo huo una faida ambayo kikomo kimoja hakina: mgahawa wenye boda wake unaweza kukataa fungu la kufikisha na kulipia orodha tu. Kwa Dodoma, ambako mgahawa wa kawaida tayari una kijana wake mwenye pikipiki, fungu hilo ndilo kubwa.

Na upande wa dereva, sheria ipo, inasubiri kutumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake juu ya mtu. Dereva aliyefungiwa akaunti usiku kwa sababu ya "alama ndogo" ana pa kuanzia kuuliza nani kaamua na kwa vigezo gani. Italia mwaka 2021 mamlaka ya faragha iliipiga Foodinho, kampuni ya kundi la Glovo, faini ya euro milioni 2.6 kwa mambo ya aina hiyo hasa: mfumo ulipanga madereva bila kuwaeleza unavyofanya kazi.

Malipo na kurudishiwa

Ukilipa kwa lipa namba, jina hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Likiwa la mgahawa, pesa imekwenda jikoni moja kwa moja. Likiwa la kampuni ya programu, mgahawa utalipwa baadaye kwa ratiba ya mkataba. Likiwa jina la mtu binafsi na si dereva aliye mbele yako, simama. Makundi ya WhatsApp ya chakula yana utapeli wake: tapeli hunakili picha ya menyu, hubadilisha namba ya malipo peke yake, hutupia kundini saa sita kamili watu wakiwa na njaa. Namba ya namna hiyo itume kwenda 15040.

Kurudishiwa pesa ndiko programu nyingi hufeli. Oda ikikosewa, unarudishiwa "salio" kwenye pochi ya programu badala ya pesa kwenye simu. Kabla ya kubofya kukubali, tafuta chaguo la kurudishiwa kwenye njia uliyolipia. Likiwepo huwa limefichwa chini.

Chakula kikifika

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni fupi: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi joto 60, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Saa hizo zinaanza jikoni. Mgahawa mzuri huandika saa ya kupakua kwenye kifungashio kwa kalamu. Huo ni uwazi wa bure kuliko wote tuliotaja. Wali na maharage hustahimili njia ya Mtumba. Chipsi hazistahimili: mvuke hurudi juu yake ndani ya foili iliyofungwa na dakika kumi na tano baadaye unatafuna sifongo. Omba kifuniko kitobolewe matundu mawili matatu na kachumbari ifungwe peke yake. Mlenda usiuagize kwa programu. Hauhitaji maelezo.

Lakiri ya karatasi juu ya mfuko ikiwa imechanika, piga picha kabla ya kupokea, dereva akiwa bado yupo.

Alama

Kwa oda za ndani ya mji, Majengo, Makole, Uhindini, Area C, programu tunaipa tatu kati ya tano: kuona bei za migahawa mingi kwa pamoja kuna thamani, na umbali mfupi haufichi mengi. Kwa Mtumba tunaipa moja na nusu. Huko kusanyeni oda za ofisi kabla ya saa nne asubuhi, mpige simu mgahawani, boda mmoja alete zote na ada mgawane. Risiti itakuwa moja na jina litakuwa la mpishi. Boda wa kijiweni anapata nne kwa uwazi, kwa kuwa bei anaitaja mdomoni na unabishana naye usoni, na mbili kwa kila kitu kingine, maana sahani ikimwagika Nzuguni hakuna wa kumdai.

Ukilazimika kulalamika, anza ndani ya programu ili upate namba ya tukio, kisha ambatanisha vitu vinne: picha ya menyu yenye bei, risiti ya programu, ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, na risiti ya EFD. Bei ya kupotosha iende FCC, chakula kibovu kiende kwa afisa afya wa Jiji au TBS siku hiyohiyo sahani ikiwa bado ipo, risiti iliyonyimwa iende TRA. Usipeleke yote kwa mmoja. Atashika kipande chake na mengine yatalala.

Na pochi ya programu usiiache na salio. Jumia iliondoka Tanzania Novemba 2019, na mwishoni mwa 2023 ikafunga biashara yake ya chakula katika nchi zote ilikobaki nayo, Kenya na Uganda zikiwemo. Programu inapofungwa, pesa iliyo kwenye simu yako ni yako, ila iliyo kwenye pochi yao unaanza kuidai. Iagizie chakula cha usiku.